Japani ya Temeke na Sinia Lililorudi Tupu

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, siku ya tatu ya likizo ndefu, niliondoka nyumbani kwetu Kinondoni kwenda Japani. Nasema Japani kwa sababu hivyo ndivyo Baba alivyomwambia kila tuliyekutana naye njiani. Kwa kweli nilikuwa nakwenda Temeke.

Sababu ya kuondoka ni sauti yangu, ambayo ni ndogo. Nyumbani haijawa shida, maana Mama hunitazama usoni akajua nina njaa, nina homa au nimevunja kikombe. Shuleni ndiyo shida, kwa kuwa mie nataka kuwa mwalimu. Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu wetu, mama wa Kiingereza tunayemwita Misi tu, aliniita ofisini kwake, chini ya picha ya Malkia, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Mwantumu, alama zako nzuri. Lakini siku uliyosoma mbele ya darasa nilikaa mstari wa tatu, sikusikia neno moja. Shule ikifunguliwa napeleka majina ya chuo cha ualimu. Niletee ushahidi kwamba unaweza kusema mbele ya watu, nitaandika jina lako. Usipoleta, nitaandika la mwingine."

Nikamjibu, "Ndiyo, Misi."

Akasema, "Nini?"

Baba ni karani forodhani. Huko alikuwa amezoeana na Mjapani mmoja, Bwana Morita, anayepokea marobota ya nguo kutoka melini. Bwana Morita alimwambia kwamba mkewe alikuwa mwalimu kwao, na sasa anakaa kutwa hana wa kumfundisha, basi ameamua kuchukua wasichana wachache wakae naye nyumbani wiki sita za likizo, wale naye, walale kwake, wasikie Kijapani tu mpaka kiwaingie. Siku ya mwisho kila mmoja atasimama aseme mbele ya wageni, na atapewa barua ya kueleza alivyosema.

Baba aliona dawa imepatikana. Mama hakuona hivyo. "Mtoto hasemi Kiswahili, ndiyo atasema Kijapani?"

"Ndiyo vizuri," Baba akasema. "Kule hatakuwa na haya, maana hakuna atakayejua anasema nini."

Magomeni, karibu saa mbili. Baba alikuwa akisukuma baiskeli, sanduku langu limefungwa nyuma kwa kamba, nami nafuata. Fundi cherehani mmoja, rafiki yake wa zamani, akasimama kibarazani.

"Mzee Shomari! Na sanduku tena?"

"Namsindikiza binti. Anakwenda kusoma Kijapani."

"Huko huko kwao?"

Baba alitazama juu kidogo, kama mtu anayetafuta mvua. "Kwao hasa," akasema.

Fundi aliacha kazi, akainua mikono, akaniombea nivuke bahari salama, nisipatwe na tufani wala nisiolewe huko. Halafu akanituma sindano za cherehani, za kule zinasifiwa. Niliitikia amina na sindano nikazikubali. Tulipofika mbali nikamwambia Baba, "Lakini Baba, Temeke hakuna tufani." Akasema, "Mbona kwangu unasema vizuri? Shika mwendo."

Keko, saa nne kasoro. Jua lilikuwa limeshapanda na baiskeli ilikuwa imepata pancha. Baba alinipa maonyo matatu: nisali kwa wakati, nisile nisichokijua, na nisimwaibishe. La pili nililivunja siku ileile.

Temeke, saa tano. Kampuni ya Bwana Morita ilikuwa na bohari pale, na nyumba ya matofali ubavuni mwake, ikitazamana na nyumba za udongo na makuti ng'ambo ya barabara. Mlangoni alisimama mkewe, mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeusi amezifunga nyuma, gauni la kijivu. Aliinama. Mie, kwa kutojua la kufanya, nikapiga goti nikasema shikamoo. Akainama zaidi. Nikashuka zaidi. Baba akakohoa, akasema anaona tumeelewana, akageuza baiskeli.

Tulimwita Sensei, ambalo ni neno lao la mwalimu. Tulikuwa wanafunzi watatu. Mmoja alirudi kwao siku ya pili, baada ya kuonja tunda fulani jekundu la Kijapani lililolowekwa chumvini, ambalo hukunja uso wa mtu kama ngumi. Nikabaki mie na Anjela, binti wa dresa mmoja wa hospitali kutoka Songea, msichana mwenye mdomo wa watu wanne.

Wiki ya kwanza nilikuwa na lengo la kustaajabu, ili nikirudi niwe na ya kuwasimulia nyinyi wa nyumbani. Nawaambia ukweli, nilitafuta cha kustaajabia nikakosa. Mlangoni tulivua viatu. Tulikaa chini mkekani. Tulikula wali kwa samaki. Hatukumtazama mkubwa usoni, hatukumpita mbele, na chai alipewa mgeni kwanza. Baba alinitoa Kinondoni kwa baiskeli yenye pancha ili nikajifunze mambo ya Kinondoni.

Kitu kimoja tu kilikuwa kipya. Shuleni kwetu ukikamatwa unasema Kiswahili saa ya Kiingereza unavishwa kibao shingoni, nasi tumeshakizoea. Kwa Sensei hapakuwa na kibao. Asubuhi ya kwanza Anjela alishika birika la moto akapiga kelele, "Mama yangu, naungua!" Sensei alilichukua lile birika, akaliweka kando, akapiga magoti mbele ya Anjela, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kisha akasema kwa Kiingereza, mara hiyo tu ili tufahamu, kwamba kosa ni lake, amefundisha vibaya, anaomba radhi.

Anjela, ambaye kibao cha shule alikuwa akikivaa kama mkufu, alilia mpaka adhuhuri. "Bora anichape," alininong'oneza chooni. "Mtu mzima kukuangukia miguuni, si laana hiyo?" Tangu siku ile hatukusema Kiswahili ndani ya nyumba ile. Anjela alisema Kijapani cha kubomoka, kutwa nzima. Mie nilinyamaza, na kila niliponyamaza Sensei alitabasamu. Nilidhani ananihurumia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao msichana anayenyamaza ndiye aliyelelewa.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibiwa na wema.

Ng'ambo ya barabara alikaa Bi Chausiku, mama mtu mzima, mkaanga vitumbua, ambaye sauti yake mtu huisikia tangu kwenye bohari. Mgeni amehamia, siku zinapita, hajampelekea hata tonge, mtaa ungemwonaje? Akaleta sahani ya vitumbua, imefunikwa kawa. Sensei akaipokea kwa mikono miwili. Mie na Anjela tukatazamana, maana tulijua sahani ile hairudi tupu. Hata mtoto wa miaka mitano wa pwani anajua. Tukawa tunawaza tumwambieje. Hatukuhitaji. Sensei alikuwa tayari jikoni anafinyanga matonge ya wali, maana kwao nako zawadi haikai bila kujibiwa. Tulifurahi sana.

Kosa lilikuwa bakuli. Badala ya kuyaweka matonge kwenye sahani ya Bi Chausiku peke yake, Sensei aliyapanga katika bakuli lake mwenyewe, la mti, jekundu, linang'aa, akalisimamisha juu ya ile sahani. Nikapeleka.

"Hii karatasi nyeusi inaliwa au inavuliwa?" Bi Chausiku akauliza.

"Inaliwa, Bi. Ni majani ya baharini."

"Haina nguruwe?"

"Haina, Bi."

"Majani. Haya, mbuzi naye mja wa Mungu." Akala. Halafu akaligeuza lile bakuli mkononi, na mie nikaona uso wake unabadilika. Sahani yake imerudi, sawa. Lakini sasa yeye ana chombo cha jirani, na chombo cha jirani nacho hakirudi tupu.

Kesho yake bakuli lilikuja na kalimati, limekalia sahani nyingine. Sensei akajibu bakuli kwa samaki wa kukausha na sahani kwa viazi vya sukari, akaongeza kikapu. Kikapu kikarudi na visheti.

Wiki ya tatu vyombo vilikuwa vinavuka barabara mara mbili kwa siku, na vilivukishwa na sie. Masomo yalikuwa asubuhi. Sensei alipoanza kuamka alfajiri kupika, masomo yakawa ya saa moja tu, kisha ya nusu saa, kisha yakawa kuhesabu matonge kwa Kijapani. Kijapani changu nilikisomea jikoni. Lakini kwa kuwa sikuwa nasema, nilisikiliza, na kwa kuwa nilisikiliza, kiliingia. Nilishangaa siku moja kujua Sensei anasema nini bila kukumbuka kwamba nimefahamu.

Alivyozidi kuvuka mwenyewe na vyombo, Sensei naye alijifunza. Bi Chausiku alimwekea kigoda, akamfundisha bila magoti wala radhi. "Sema, chumvi imezidi! Siyo hivyo, sema kama umekasirika!" Mwisho wa wiki ya nne Sensei alisimama barazani akamwambia muuza maji, kwa Kiswahili cha Bi Chausiku kitupu, "We baba, maji haya umeyachota mtaroni?" Muuza maji akaomba msamaha. Sisi wawili tulikuwa hatuwezi kuagiza maji kwa Kijapani.

Wiki ya tano. Hapa wale mama wote wawili walikuwa wamechoka, na aliyejua ni mie peke yangu. Nikipeleka chombo kwa Bi Chausiku, ananivuta pembeni: "Mwanangu, huyu mama hachoki? Sukari yangu imekwisha. Mume wangu anakula mabaki ya kijani siku ya sita leo, ananiuliza kama nimemuoza bahari." Nikirudi, namkuta Sensei amekaa jikoni anasugua viganja, anajisemea kwa Kijapani: huyu mama haishiwi? Lile pipa dogo la matunda ya chumvi limekwisha, mpaka meli ijayo.

Nikamwambia Anjela, usiku tukiwa nje, tuwaambie.

"Nani awaambie? Mie simo," akasema. "Tunakula visheti bure, wewe unataka kuharibu."

Jumatano ya wiki ya sita, saa nne asubuhi. Bi Chausiku, nadhani akitaka kumaliza ubishi kwa pigo moja, alileta sinia zima la pilau, na mguu wa mbuzi juu. Aliliweka, akasema "Karibuni," akaondoka haraka kabla hajalia. Sensei alikwenda kabatini, akafungua, akafunga. Halafu akakaa chini akatuambia taratibu kwamba anaomba radhi. Kujibu sinia kama hili kutamchukua siku tatu. Wageni wa Ijumaa itabidi awaandikie wasije. Hotuba zetu zitangoja likizo nyingine, na barua pia.

Anjela akasema sawa. Yeye alikuwa na wajomba wawili mjini wenye kazi za kumpa. Mie nilikuwa na Misi na majina yake.

Sikumbuki niliamua saa ngapi. Nakumbuka tulikula pilau, nikaliosha sinia, nikalikausha, nikalichukua. Nilipotoka mlangoni Anjela alikuwa nje anasuka ukili. "Unapeleka nini?"

"Sinia."

"Na nini?"

Nilipompita aliona. Akainuka na ukili mkononi. "Mwantumu! We mwendawazimu! Tupu?"

Barabara ile haizidi hatua ishirini. Saa hiyo wanawake walikuwa barazani wanachambua mchele, nao hukitazama kila chombo kinachovuka. Sinia tupu linang'aa. Hakuna pa kulificha. Nilisikia ungo mmoja unaacha kupepeta, kisha wa pili. Bi Chausiku alikuwa amekaa mbele ya kikaango. Nilitaka kusema polepole, lakini mafuta yalikuwa yanalia, na mwanamke wa nyumba ya tatu alikuwa ameanza, "Jamani, ndiyo shukurani ya wageni hiyo?" Nisingesikika, lawama yote ingemwangukia Sensei.

Basi nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia, na ilipotoka nilidhani kuna mtu nyuma yangu.

"Bi Chausiku, sinia lako hili hapa, limerudi tupu! Sensei hajui, hakunituma! Nimelileta mie, Mwantumu binti Shomari, kwa sababu nyote wawili mmechoka na hakuna anayetaka kusema!"

Bi Chausiku akainuka, mikono kiunoni.

"Mtoto huna adabu!" akapiga kelele, na kelele yake tunaijua. "Kwenu hamkufundishwa? Sinia la watu linarudi hivyo? Lete hapa!" Akanipokonya, na alipoinama kulichukua akaninong'oneza sikioni, "Mungu akuzidishie, mwanangu. Nilikuwa nimebakiza kuuza kitanda." Kisha tena kwa kelele, "Ondoka mbele yangu!"

Niliondoka huku nimetukanwa na mtaa mzima.

Kumwambia Sensei kulikuwa kugumu zaidi, maana kulikuwa kwa Kijapani. Nilimwambia maneno machache: sinia nimerudisha, halikuwa na kitu, kosa langu. Nikapiga magoti, nikainamisha paji la uso mkekani kama alivyotuonyesha. Aligeuka mweupe kama mchele. Alivaa viatu, akavuka barabara mikono mitupu kwenda kuomba radhi. Nilichungulia dirishani. Aliinama, Bi Chausiku akamshika mabega, akamkalisha kwenye kigoda. Hawakula kitu. Walikaa mpaka alasiri. Sensei aliporudi alilala, akaamka kesho yake jua limeshatoka, akatufundisha kutwa nzima.

Ijumaa, saa kumi, wageni walikuja: Bwana Morita na Wajapani wenzake wawili, na Baba kwa kanzu na koti. Anjela alisema dakika kumi, akakosea kila kitu, wakacheka, wakapiga makofi, na mmoja akamuuliza kama angependa kazi ya kupokea wageni ofisini. Kisha nikasimama mie. Hotuba niliijua yote. Lakini ile sauti iliyovuka barabara Jumatano ilikataa kuvuka mkeka Ijumaa. Midomo ilikwenda. Bwana Morita aliweka mkono sikioni. Baba alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa mlangoni.

Nilipomaliza, Sensei alikuwa anafuta machozi ya furaha.

Jumapili, saa nne asubuhi, Baba alikuja kunichukua. Bi Chausiku alinisindikiza mpaka kwenye bohari na hakunipa kitu, kwa makusudi, akacheka. Sensei aliniinamia, nami nikainama, kisha akasema kwa Kiswahili, "Haya mama, ufike salama, na mama yako umwambie Mjapani anamsalimu sana, tena sana." Akanipa bahasha.

Njiani hatukupita Magomeni kwa fundi. Baba alisema njia ya nyuma ina kivuli. Hakuwa na jibu la sindano.

Nilitembea nikipima nilichokwenda kuchukua. Kijapani nilikuwa nacho kiasi, cha kusikia kuliko cha kusema. Nilikuwa nimejua pia kwamba watu wawili wenye adabu sana wanaweza kuuana kwa adabu, na kwamba aliyelelewa vizuri kuliko wote huwa ndiye wa mwisho kusema imetosha. Hilo sikulipenda, maana lilikuwa linanihusu.

Kinondoni, saa nane. Baba alifungua bahasha mbele ya Mama, akasoma Kiingereza cha Bwana Morita na kutufasiria. Ilisema kwamba katika miaka yote ya kufundisha Sensei hajapata kumwona msichana mkimya kama mie. Kwamba sauti yangu ni laini hata wageni hawakuisikia, na hii ni heshima kwa wazazi wangu. Kwamba naweza kukaa na watu siku nzima bila kusema neno. Habari ya sinia haikuwemo. Alikuwa amenisitiri.

Mama akapiga vigelegele. Baba aliisoma tena, polepole zaidi.

"Mwanangu," akasema, "huyu amekusifu au amekuzika?"

Asubuhi yake, Jumatatu, shule ilifunguliwa. Saa moja na nusu nilibisha hodi kwa Misi. Karatasi ya majina ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Aliisoma barua mara moja, akaikunja, akanirudishia kwa upole.

"Kwa hiyo huyu mama na mimi tumekubaliana," akasema.

"Hapana, Misi."

Aliinua kichwa. Sikuwa nimepata kumwambia mtu mzima hapana, na nadhani yeye alijua. Nikamwambia kuna jambo ambalo barua haikuandika kwa sababu ya adabu, na kwamba nitalieleza mwenyewe. Alinitazama, akachukua karatasi na kalamu, akatoka, nikamfuata mpaka darasani kwetu. Hakukuwa na mtu bado. Alipita mstari wa tatu, akapita wa tano, akaenda akakaa dawati la mwisho kabisa, karibu na dirisha.

"Sema," akasema.

Nilisimama ubaoni nikaanza. Akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa. Nikaanza upya, Jumatano, saa nne asubuhi, sinia la pilau. Misi akashusha kiganja, akashika kalamu. Nje mzee anayefagia uwanja aliacha kufagia, akasogea dirishani na ufagio wake, akauliza, "Ehe? Akasemaje huyo Bi Chausiku?"

Nikamjibu yeye na Misi kwa pamoja.